Msumari

Feri ilitutema saa tatu asubuhi,
watu watano, lori la viazi, na mbwa asiye na mwenyewe.
Mvua ilishafika Chiloe kabla yetu.
Huku mvua ni kama shangazi:
kuna wa manyunyu, anayekaa siku nne bila kuaga,
na kuna anayekuja ubavu, akakuingia sikioni.

Mimi seremala. Nilikuja kuona mbao.

Waliosema penye miti hapana wajenzi
hawakuvuka mlango huu wa bahari.
Kanisa zima ni mti:
kuta za mberoshi, ule wa Zaburi,
vigae vya alerse vimepandana kama magamba,
na nguzo zimesimama juu ya mawe, hazikuzikwa,
ili tetemeko likija jengo lisogee kidogo,
kisha lirudi mahali pake kama mtu aliyepiga chafya.

Ufunguo anao Bi Eduvina Guenteo:
nyumba ya njano, mlango wa nyuma, bisha kwa nguvu.
Alitoka na unga mikononi,
akafuta kidole kimoja kimoja
kama anayehesabu deni,
akavaa mabuti ya marehemu mumewe.

Ndani, giza linanuka nta na sufu iliyolowa.
Ukiinua macho, dari ni mashua iliyolala kifudifudi.
"Hawakujua makanisa," alisema, "walijua mashua.
Padri akawaambia, mjengeeni Mungu nyumba.
Wakaunda chombo, wakakipindua."
Akagonga nguzo kwa kifundo cha kidole.
"Vigingi vitupu. Hamna msumari hata mmoja."

Nikapitisha kiganja kwenye maungio.
Ulimi umeingia tunduni, kigingi kimepigwa mshazari;
kazi ya mtu asiyetaka kuitwa tena.
Nikamwona fundi huyo, hana jina, hana tarehe,
anatafuna kibanzi aonje kama ubao umekauka.
Nami hufanya hivyo. Mke wangu hucheka.

Kisha, nyuma ya mlango, usawa wa bega,
msumari.
Wa chuma, inchi nne, umepinda shingo,
umepigwa na mtu asiyeelewana na nyundo.
Ufunguo wa pili unaning'inia hapo.

Sikusema kitu. Niliutazama,
naye akanitazama nikiutazama.
"Huo," alisema, "ni wangu."

Mwaka ule walimleta Anselmo Chiguay toka kisiwa cha pili,
jeneza kwenye mashua, watu wamelowa hadi mfupani,
na ufunguo haupo. Si mfukoni, si bakulini, si chini ya paka.
Wakapitisha mtoto dirishani,
lakini kufuli hili halina huruma, bila ufunguo halifunguki:
mtoto akalia ndani, sisi tukalia nje,
Anselmo mlangoni kama mgeni asiyealikwa,
na mjane wake akisema, mwacheni,
hata alipokuwa hai misa alikuwa akichelewa.

"Ulikuwa wapi?"
"Ndani ya mkate. Nilikuwa nimeuoka."

Walikuja wataalamu kutoka Santiago, wamevaa kofia ngumu.
Wakaandika kwenye daftari: msumari, kuondolewa.
Akawaambia sawa, basi mmoja wenu abaki huku
aning'inize ufunguo shingoni mpaka kiama.
Wakaondoka na feri ya saa kumi.

"Wewe fundi. Umepinda. Huwezi kuunyoosha?"
Nikaugusa. Mti ulikuwa umeshaufumbia mdomo,
kutu imeingia kwenye nyuzi zake kama chai kwenye kitambaa.
Nikamwambia, ukiunyoosha ubao utapasuka.
"Ndivyo alivyosema mume wangu," akajibu,
"kuhusu mama yake."

Akafunga mlango mara mbili, akaujaribu, akaujaribu tena.
Kwenye nyumba ya njano alinifungia nusu mkate kwa gazeti,
bado wa moto, gazeti likitoa jasho.

Nimeula kwenye feri, mgongo kwa upepo,
polepole,
kwa meno ya mbele.